Doa Jeusi Juu ya Simu ya Mwokaji

Mtaani kwetu harufu ya mkate ndiyo inayowaamsha watu usingizi wa mchana. Inatoka katika nyumba yenye mlango wa kijani. Mbele kuna kaunta na rafu za mikate. Nyuma kuna chumba cha tanuri. Katikati limening'inia pazia jepesi. Mke anauza mbele. Mume anaoka nyuma.

Watu walimpa mume jina la Mkate Moto. Walimpa kwa heshima. Tangu ujana wake hajawahi kumuuzia mtu mkate wa jana na kumwambia ni wa leo.

Kazi yake ina mpango wake. Anapima unga. Anatia hamira, chumvi na maji. Anawasha mashine ya kukandia. Mashine hiyo ni ya zamani, na ikinguruma hata mabilauri yanatetemeka rafuni. Yeye husimama karibu nayo, miaka nenda miaka rudi. Donge likiumuka, analikata vipande, anavitia katika mikebe, anaisukuma mikebe tanurini. Kisha anatega saa yake ya kengele na kuendelea na donge la pili.

Shida ilianzia kwenye kengele hiyo.

Jumatatu moja mke alikuwa anamfungia mteja mikate. Akasikia kengele ikilia nyuma ya pazia. Ikalia, ikalia. Akanusa moshi. Akaacha mikate juu ya kaunta na kukimbilia ndani.

"Baba! Mkate unaungua!"

Mume alikuwa amesimama mezani, anakata donge, mgongo kwenye tanuri. Kengele ilikuwa inarukaruka rafuni karibu na kichwa chake. Akageuka taratibu, kama mtu aliyeguswa bega.

"Unasemaje?"

"Mkate! Kengele imelia mpaka imechoka!"

"Kengele gani? Haikulia hii."

Akafungua tanuri. Mikate ilikuwa myeusi juu, chini na kando. Mteja aliyekuwa mbele alichungulia kupitia pazia, akacheka.

"Leo tukupe jina jipya, mzee. Mkate Mweusi!"

Ulikuwa utani tu. Lakini mwokaji alisikia hilo vizuri sana, na lilimuuma.

Mikate ile ilikuwa ya shule ya bweni. Na haikuwa mara ya kwanza. Wiki iliyotangulia mikate iliungua vilevile. Baadaye, kwa kuogopa kuunguza tena, mwokaji akaitoa mapema. Watoto wakala mikate mibichi katikati, na matumbo yakawauma.

Jioni mtunza stoo wa shule alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole, mwenye sauti nzito, na hapendi ugomvi. Siku hiyo hakukaa.

"Mzee, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini watoto hawali heshima. Ijumaa nitakuja tena. Nikikuta mkate mzuri, tunaendelea. Nikikuta mkaa, nitatafuta kwingine."

Akaondoka. Mke akavuta pazia, akamfuata mumewe ndani.

"Maji yamezidi unga, baba," alisema. "Sasa nisikilize. Yule kijana mwokaji wa mtaa wa pili hana kazi siku hizi. Aje asimame hapa. Wewe na mimi tukae wote kaunta."

"Mimi nikae kaunta? Nifunge mifuko?"

"Kwani mimi ninayefunga mifuko nimekufa?"

"Sijasema hivyo. Nasema tanuri hili nimelipanga matofali kwa mikono yangu. Mimi sitoki mbele yake."

"Basi niambie ukweli. Unasikia, au husikii?"

Mwokaji akashika kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nasikia," alisema.

Alikuwa anadanganya, na mkewe alijua kwamba anadanganya. Ndoa ikifika umri fulani, uongo hauna pa kujificha.

"Haya," mke alisema. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ikiharibika, nampigia simu yule kijana siku hiyohiyo. Na usininunie."

"Sitakununia. Haitaharibika."

Basi mwokaji akakaza kamba ya aproni. Jumanne alijaribu njia yake ya kwanza. Alisimama mbele ya tanuri akalikodolea macho, asigeuke hata kidogo. Mikate ya kwanza ikatoka salama. Lakini huku nyuma donge la pili halikuwa na mtu. Liliumuka likapita kiasi, likamwagika pande zote za beseni. Akalitupa huku akisonya.

Kisha akakumbuka simu. Binti yao mkubwa ni mwuguzi katika mji wa mbali. Mwaka jana alimletea baba yake simu mpya, nzuri, ya kugusa. Alimwambia, "Baba, humu mna saa ya kuhesabu dakika. Unaiwasha, inarudi nyuma hadi sifuri, halafu inalia." Mwokaji akaiwasha. Lakini watu wa maduka hutuma maagizo yao kwa simu hiyohiyo. Ujumbe ukaingia, akaufungua. Saa ikapotea machoni. Akajibu ujumbe, akaangalia picha, akajibu mwingine. Aliposikia kelele, zilikuwa za mkewe.

Bahati njema mikate hiyo ilikuwa michache tu, ya dukani. Mke aliikusanya, akaitupa jaani.

Jumatano asubuhi mwokaji akatia simu mfukoni akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji huyo ni mdogo wa mkewe, na ni fundi simu. Kibanda chake kipo kando ya duka la fundi cherehani. Ana meza ndogo, taa yenye shingo ndefu, na bisibisi nyembamba. Mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli.

"Karibu, shemeji! Leo umeniletea mkate au umeniletea moshi?"

"Acha maneno yako. Simu hii imekufa sauti. Saa hailii."

Fundi akaichukua, akatega saa ya sekunde chache, akaiweka mezani. Saa ikalia. Ililia kwa ukali hata fundi cherehani akapiga kelele ng'ambo ya ukuta.

"Zima kitu hicho! Nitajishona kidole!"

Mwokaji alikuwa amesimama palepale, anaitazama simu, anangoja.

"Umeona?" alisema. "Kimya."

Fundi hakucheka. Aliizima saa. Akasogea mbele ya mwokaji ili amwone usoni, akasema polepole.

"Shemeji. Imelia. Imelia sana."

Mwokaji akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha maneno yakatoka, kama unga unavyotoka kwenye gunia lililotoboka.

"Ninyi mkizungumza karibu, nawasikia. Sauti nzito naisikia. Lakini vile vinavyolia juujuu vimeniacha. Kwanza ndege. Halafu kengele ya baiskeli. Sasa kengele ya tanuri. Shemeji, mimi naogopa. Nikiondolewa mbele ya tanuri, mimi ni nani?"

"Dada anajua?"

"Nimemwambia nasikia."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," fundi alisema. "Na mashine ile ya kukandia ndiyo iliyokutafuna. Kelele kubwa kila siku, miaka yote, bila kuziba masikio. Utakwenda kupimwa hospitali, hilo halina mjadala. Wanaweza kukusaidia."

"Watu husema sikio la kufa halisikii dawa."

"Lako halijafa, limechoka tu. Lakini macho yako je?"

"Macho yangu yanaona sisimizi juu ya paa."

"Basi tutatumia macho." Fundi akainua simu, akaisogeza kwenye taa. Akakunja uso. "Na hii plasta ni ya nini? Simu ilijikata?"

Kweli, juu kabisa ya kioo, katikati, palikuwa na kipande cha plasta ya kidonda. Kilikuwa kimechakaa na kujaa unga. Mwokaji aliangalia huku na huku kuhakikisha mkewe hayupo.

"Usimwambie dada yako," alinong'ona. Mnong'ono wake ulisikika mpaka kwa fundi cherehani. "Simu hii ina doa. Doa jeusi, hapo juu. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Nimelisugua kwa kitambaa. Nimelikwangua kwa ukucha. Halitoki."

"Ukaliziba?"

"Sasa nifanyeje? Mtoto alijinyima akaninunulia. Nikaona wamemuuzia simu mbovu. Nikimwambia, ataumia. Mama yake akiliona, atamwambia. Nikaliziba. Na unga nao usije ukaingilia hapo."

Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akacheka tena. Kisha akafuta machozi, na hayakuwa yote ya kicheko.

"Shemeji wangu wewe! Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umekwenda kuziba dirisha!"

"Dirisha gani?"

"Tulia."

Aliibandua plasta polepole. Akapangusa gundi kwa kitambaa laini. Doa likaonekana. Lilikuwa jeusi, refu kidogo, duara pembeni, mfano wa punje ya maharage.

"Hili ni sehemu ya simu," alisema. "Limetengenezwa hivyo. Ndani yake mna kamera ya mbele. Na pembeni mwake simu hukuonyesha mambo yanayoendelea sasa hivi. Wewe liite kidirisha. Angalia."

Akaiwasha saa ya kuhesabu dakika. Kisha akatoka kwenye saa, akarudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu. Doa likatanuka. Upande mmoja pakatokea alama ndogo ya saa. Upande wa pili zikatokea tarakimu, zinapungua moja moja.

Mwokaji akaruka kitini. "Linatembea!"

"Halitembei, linahesabu. Sasa fungua ujumbe wa wateja."

Mwokaji akafungua ujumbe. Tarakimu bado zilikuwa juu, zinahesabu. Akafungua picha. Zipo. Akafungua kamera. Zipo.

"Kumbe saa haiondoki?"

"Haiondoki. Popote utakapokwenda ndani ya simu, inakufuata hapo juu. Mwaka mzima imekuwa ikikupungia mkono chini ya plasta. Sasa liguse mara moja."

Aligusa. Saa nzima ikafunguka.

"Rudi nyuma. Sasa libonyeze, usiachie upesi."

Akabonyeza. Doa likafunguka na kuwa kisanduku kipana, chenye tarakimu kubwa na vitufe viwili. Kimoja cha kusimamisha kidogo, kimoja cha kufuta.

"Ukigusa, unaingia. Ukibonyeza na kushikilia, unapata vitufe bila kutoka ulipo," fundi alieleza. "Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Fundi cherehani naye alikuwa ameshafika, futi ya kupimia shingoni, anachungulia.

"Yangu mbona haina doa?" aliuliza.

"Simu hazifanani," fundi alimjibu. "Yako vuta hapo juu kwa kidole, ushuke nacho chini, kama unavuta pazia. Umeona? Saa, simu zinazoendelea, muziki, vyote vimepangwa hapo. Na wote wawili sikilizeni. Mkiona kidoti cha kijani hapo juu, kamera inatumika. Cha rangi ya chungwa kwenye simu ya shemeji, kinasa sauti kinatumika. Mkikiona na ninyi hamjawasha kitu, ulizeni. Kuuliza si ujinga."

Mwokaji alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa anaitazama punje ile nyeusi.

"Umesema mna kamera humo ndani?"

"Ndiyo."

"Kamera ya mbele? Ile ya kuonana?"

"Hiyohiyo."

"Lo!" Mwokaji akashika kichwa. "Mtoto akinipigia simu ya video, kila siku ananiuliza, 'Baba, mbona giza?' Mimi namwambia umeme umekatika."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Fundi akampigia binti palepale. Binti alipokea akiwa amevaa sare ya kazi, kwenye korido yenye ukuta mweupe. Aliangalia kioo. Akaweka kiganja mdomoni.

"Baba?"

"Ni mimi, mama."

"Baba, nakuona! Mimi nilidhani unaumwa, hutaki nikuone. Nimekuwa nikimuuliza mama, ananiambia huna neno. Nikajua mnanificha."

Mwokaji alijua sasa alichokuwa ameziba kwa kipande kile cha plasta, na alijuta sana.

"Sina ugonjwa wa kuficha tena," alisema. "Isipokuwa masikio. Masikio hayasikii vizuri. Nimesema."

"Utakwenda kupimwa?"

"Nitakwenda. Lakini kwanza nina mkate wa Ijumaa."

Aliporudi nyumbani hakupitia mlango wa nyuma. Alipita mbele, akasimama kwenye kaunta, akamwambia mkewe ukweli, mteja mmoja akisikiliza na mkate wake mkononi. Sisikii kengele. Naogopa. Nisaidie, lakini usinitoe.

Mke alimtazama. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kinachoniudhi ni kunificha." Kisha akafuta unga kwenye shavu la mumewe kwa kona ya khanga yake. "Mpaka Ijumaa ni mpaka Ijumaa. Neno langu silibadili."

"Usilibadili. Sijakuomba."

Alhamisi walifanya majaribio. Fundi alikuja na kigoda chake. Alirekebisha simu ili kioo kisizimike upesi, akaiweka rafuni ikiwa kwenye chaji, usawa wa macho ya mwokaji. Mikate ikaingia. Saa ikawashwa. Tarakimu zikatokea kwenye kidirisha. Mwokaji akakanda donge la pili huku anatupa jicho juu. Ujumbe uliingia, akaujibu, akatupa jicho. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Lakini kazi ya unga ni unga. Vumbi jeupe likatanda juu ya kioo. Mwokaji, kwa mazoea, akakipangusa kwa kidole gumba, kutoka pembeni kuja katikati, mara mbili kwa nguvu. Kidirisha kikasinyaa. Tarakimu zikapotea.

"Imekufa!" alipiga kelele. "Nimeiua! Shemeji, nimeiua!"

Akakimbilia tanuri atoe mikate. Fundi akamzuia njiani, mikono imetanuka kama golikipa.

"Usifungue! Hujaua kitu. Umeifagia tu. Ukipitisha kidole juu ya kidirisha hivyo, unakiambia kijifiche. Saa yenyewe bado inahesabu kwa ndani. Ingia kwenye saa uione."

Mwokaji akafuta mkono kwenye aproni. Akafungua saa. Tarakimu zilikuwa pale, zinapungua bila wasiwasi. Akarudi nje, na kidirisha kikazionyesha tena.

"Ipo," alisema, akashusha pumzi.

Mke alikuwa amesimama kwenye pazia, ameona yote. Alikwenda kaunta, akarudi na mfuko mwembamba wa plastiki unaoonyesha, ule wa kufungia mkate mmoja. Akaichomoa simu kwenye chaji, akaitia ndani ya mfuko, akaunyoosha vizuri juu ya kioo, akauacha wazi chini ili waya upite.

"Sasa pangusa mfuko," alisema. "Ukijaa unga, tia mwingine. Mifuko si tunayo?"

Fundi akagusa kidirisha juu ya plastiki. Kikafunguka bila shida.

"Dada, kumbe na wewe ni fundi!"

"Mimi ni mtu wa kaunta," mke alijibu. "Nafunga mifuko." Na akamtupia mumewe jicho.

Mikate ya Alhamisi ilitoka rangi nzuri. Lakini Alhamisi haikuwa Ijumaa.

Ijumaa mchana mikebe ya shule ilijaa tanuri, safu kwa safu. Mwokaji alifunga mlango wa tanuri. Akaosha mikono, akaikausha, akawasha saa. Kisha akaanza donge la pili, na mashine ikanguruma. Safari hii alikuwa ameziba masikio kwa vizibo alivyopewa na shemeji yake, ili kile kilichobaki kisiliwe.

Mashine ilipozimwa na vizibo kutolewa, simu ikawaka. Mtunza stoo anapiga. Mwokaji alipokea kwa kipaza sauti, akainama karibu na rafu.

"Mzee, niko njiani. Nina jambo. Shule ina mkutano wa wazazi wiki ijayo, na mwalimu mkuu anauliza..."

Mwalimu mkuu aliuliza mengi. Mtunza stoo ni mtu wa kueleza jambo kuanzia mizizi mpaka majani. Zamani simu ya namna hii ndiyo ingechoma mikate yote. Mke alisikia mazungumzo yakirefuka. Akaacha kaunta, akaja kwenye pazia, akalishika. Alitamani kupiga kelele. Akajizuia.

Mwokaji alikuwa anasikiliza, anajibu "ndiyo" na "sawa". Lakini macho yake yalikuwa juu ya kioo. Kidirisha kilikuwa kimegawanyika mara mbili. Sehemu ndefu ilionyesha simu inayoendelea. Kando yake palikuwa na kiduara kidogo, na ndani ya kiduara saa ilikuwa inakwisha.

"Samahani, ndugu yangu," alisema kwa sauti thabiti. "Mkate unaniita. Tutaongea ukifika."

Akakata simu. Kidirisha kikafunguka kipana kikiwa na kitufe cha kusimamisha. Kengele ilikuwa inalia. Mke aliisikia, mteja aliyekuwa kaunta aliisikia, mwokaji hakuisikia hata kidogo. Aliiona. Akabonyeza, akavaa glavu nene, akafungua tanuri.

Joto likatoka, na harufu ikaenda mpaka barabarani. Mikate ilikuwa ya kahawia, imepanda juu, imelingana. Aligeuza mmoja, akaugonga chini kwa kidole. Mlio wa kugonga ni mzito, huo bado anausikia. Ulikuwa umeiva.

Mtunza stoo alipofika, alivunja mkate mmoja katikati bila kuomba ruhusa. Mvuke ukampanda usoni. Akala kipande. Akala kingine. Kisha akaanza kubeba makreti hadi garini mwenyewe.

"Jumatatu kama kawaida, mzee," alisema mlangoni.

Gari lilipoondoka, mke akachukua simu yake mwenyewe kaunta. Pazia lilikuwa wazi. Mumewe alikuwa ndani, mgongo umegeuka, anapanga mikebe ya donge la pili.

"Hujambo, kijana wangu? Mimi wa mlango wa kijani. Ile kazi ya tanuri niliyokwambia huenda ikapatikana, imepata mtu." Akasikiliza. "Ndiyo, ana uzoefu." Akasikiliza tena, akatabasamu. "Hapana, bado hasikii vizuri. Wiki ijayo nampeleka akapimwe. Lakini mkate wake hauungui."

Mwokaji akageuka, akaona mdomo wa mkewe unamalizia maneno.

"Unaongea na nani?"

Mke hakumjibu kutoka kaunta kwa kupiga kelele kama zamani. Aliweka simu chini. Akaja mpaka ndani, akasimama mbele yake kwenye mwanga ili aone midomo yake vizuri.

"Nimemwambia yule kijana asije," alisema polepole. "Tanuri lina mwenyewe."

Mwokaji aliitikia kwa kichwa. Akasukuma mikebe ndani, akafunga mlango wa tanuri, akawasha saa.